Mwenye Mtungi Anavuta Kwanza

Sigara sijawahi kuvuta hata moja mpaka leo hii ninavyoongea, na hilo naomba mlishike kabla sijaendelea, maana nyie watu wa Litapunga mna haraka ya kumaliza habari ya mtu kabla mwenyewe hajaianza. Tumbaku nimeilima miaka thelathini na moja. Nimeichuma, nimeitunga kwenye fito, nimechochea moto wa bani, lile banda la kukaushia, nimeichambua madaraja mpaka vidole vikawa vyeusi weusi ambao sabuni haiutoi. Lakini kuiweka mdomoni, hapana. Mvutaji nyumbani kwetu alikuwa mmoja, mume wangu Séverin, na yeye alivuta kwa niaba ya ukoo mzima.

Alianza akiwa na miaka kumi na mitano. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wamembeba mgongoni, wakapewa msitu Katumba wakaambiwa hapa ndipo kwenu, na msitu ulipogeuka shamba, shamba likawa la tumbaku. Mtoto wa mkulima wa mahindi anakula mahindi. Wa tumbaku je? Nilipoolewa nilimkuta anamaliza pakiti moja kwa siku, na siku za mnada pakiti mbili. Nikasema atakua ataacha. Ndoa ina matumaini ya kijinga, haki ya Mungu.

Mwaka huu mwezi wa kwanza alianguka katikati ya matuta akiwa na jembe mkononi. Tukampeleka mjini, hospitali, akalazwa wiki tatu na mpira wa hewa puani. Siku ya kumtoa, daktari, binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa mwisho, alinivuta pembeni.

“Mama, mapafu ya mzee yamebaki kidogo sana,” aliniambia. “Akiacha sigara leo, hicho kidogo kinaweza kumfikisha mbali. Asipoacha, Krismasi hamtakula naye.”

Nilimshukuru. Nilimpenda hata, kwa kuniambia wazi. Nikarudi nyumbani na kazi moja tu duniani: Séverin asivute. Mengine yote, shamba, kuku, keki ninazooka kwa watu wa komunyo na harusi, hayo yangejipanga yenyewe nyuma.

Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya bani anavuta. Nilimpiga na mwiko. Ndiyo, mgonjwa, nilimpiga, na leo angekuwepo ningempiga tena. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkalisha chini dakika kumi akishika ukuta kwa mikono miwili. Mimi nimesimama pale na mwiko wangu, nalia kwa hasira. Aliponyanyua uso akaniambia kwa upole kwamba hawezi, kwamba amejaribu kitandani hospitali, kwamba kila asubuhi akiamka mwili mzima unamwomba. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamjibu. Nikaingia ndani nikampigia simu Générose.

Générose ni mtoto wetu wa kwanza. Yuko Dar, anauza kava na chaja za simu, na siku hizi kwenye kioo chake kuna na hivi vidude vya vepu, sigara za umeme zinazotoa mvuke badala ya moshi. Akasema mama, sikuahidi muujiza, hata hii vepu si chakula, lakini kuna watu wameachia sigara humo. Daktari hatukumuuliza. Nilijua atasema nini, na mimi sikuwa na mpango wa kuambiwa hapana. Baada ya siku tatu mzigo ukafika na basi: kidude cheusi chenye urefu wa kidole, na vichupa viwili vya juisi yake, kimoja cha embe na kimoja cha mnanaa.

Sasa hapa lazima niwaelezee kitu wale ambao si wa kwetu. Kwetu sisi hupewi kinywaji ambacho aliyekuletea hajakionja. Mtungi wa pombe ukiwekwa katikati, mwenye mtungi anashika mrija, anavuta kwanza, anameza watu wakimwangalia, ndipo anampa mgeni. Ni heshima, na pia ni kusema: hamna sumu humu. Séverin alikuwa mtu wa mila hiyo kuliko baba yake. Hata soda ya dukani nilikuwa namfungulia napiga funda moja ndipo anapokea. Basi nilipomletea kidude kile alikiangalia, akakigeuza, akanirudishia.

“Huu ni mrija,” alisema. “Mwenye mtungi anavuta kwanza.”

Nikavuta. Ningefanya nini? Nilivuta embe, nikakohoa mpaka machozi, yeye akacheka, akapokea, akavuta. Nilivyomwona ametoa mvuke ule mweupe puani, bila kukohoa, nilimshukuru Bikira Maria hapo hapo nimesimama.

Wiki moja tu. Embe ikamchosha, akasema yeye si mtoto wa kunyonya pipi. Mnanaa ukamchosha, akasema ananuka kama aliyepakwa dawa ya kifua. Na kwenye mfuko wa koti lake nikakuta pakiti mpya. Safari hiyo sikuchukua mwiko. Nilikaa kitandani nikaishika pakiti ile nikahesabu zilizobaki, kumi na moja, na nikaogopa kweli kweli.

Générose aliposikia akaniuliza anachopenda baba ni nini. Nikamwambia baba yako anapenda sigara. Akasema mama, basi tatizo ni msingi. Akanieleza kwamba hizi juisi watu wanachanganya wenyewe nyumbani, na kila mchanganyo una fleva ya msingi na fleva za juu. Ya juu ndiyo inamfanya mtu ajaribu. Ya msingi ndiyo inamfanya abaki. Ukikosea msingi, hata uweke matunda yote ya sokoni, mtu atavuta siku mbili kisha akitupe kidude.

Hilo nililielewa mara moja kuliko alivyotegemea. Mimi ni muoka keki. Hakuna mtu aliyewahi kurudi kwangu kwa sababu ya maua ya sukari ya juu. Wanarudi kwa sababu ya keki yenyewe, unga, siagi, mayai, hiyo ladha ya chini ambayo hata jina hawaijui. Nikamwambia leta vifaa, nitachanganya mwenyewe.

Glisirini nilinunua kule Shanwe kwa Bernadetha mwenye duka la dawa, ile ile ya kupaka mikono wakati wa kiangazi, ila Générose alisisitiza iwe safi, iliyoandikwa kwamba inaliwa. Kimiminika kingine chepesi cha kuchanganyia, pamoja na vichupa vya nikotini na bomba za sindano zisizo na sindano, alituma yeye. Akanionya mara tatu: fleva yenye mafuta usiweke kamwe, mafuta yakiingia kwenye mapafu hayatoki. Nikazitenga zangu zote za keki zenye mafuta, nikabaki na chache za maji. Meza yangu ya kuokea ikawa kama maabara. Bernadetha alinitania kwamba nimekuwa mganga, nami nikamwambia ndiyo, na mgonjwa wangu ni mmoja na ni mbishi.

Msingi wa kwanza nilioweka ulikuwa kastadi. Laini, mtamu, unakaa mdomoni. Niliuacha kabatini wiki mbili ulale, maana nao kama unga wa chachu unahitaji kulala. Nikauonja, nikaona mzuri, nikampelekea. Akavuta mara mbili akasema unamtia njaa. Nikaweka kahawa. Ikawa chungu kooni. Nikajaribu asali, na hapo nilikuwa mjinga, maana nilichukua asali halisi ya msituni, nyeusi, ile wanayoleta kutoka Inyonga kwenye ndoo, nikaona Mungu ameshatupa fleva bure tunahangaika na chupa za Wachina. Koili, kile kiwaya cha ndani kinachopasha juisi moto, iliungua ikawa kaa, nyumba ikanuka sukari iliyoungua siku mbili. Générose alinipigia kelele kwenye simu kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Nikaweka ndizi. Sikuitaka ile ya pipi, nilitaka ndizi iliyoiva kupita, yenye harufu kama ya pombe yetu. Hiyo ilichukua majaribio tisa. Tisa, na kila jaribio mimi kwanza, mvuto mmoja hapa, miwili pale, kwa sababu utajuaje kama msingi umeshika bila kuuonja, na kwa sababu mzee hapokei. Kichwa kilikuwa kinaniuma, tumbo linanizunguka, lakini sikushtuka. Wachumaji wa tumbaku tunaijua hiyo. Ukichuma jani bichi asubuhi likiwa na umande, unarudi nyumbani unatapika, kesho unachuma tena. Nikasema ni ile ile, nitazoea. Na kweli nikazoea.

Ile ya ndizi aliivuta mara moja. Akavuta tena. Kisha nikaona macho yamejaa machozi, akasema ni nyumbani kwa mama yake, siku ya kukamua ndizi za pombe. Nilimshika mkono. Siku nne hakugusa sigara, na mimi siku nne nilikuwa naimba jikoni. Siku ya tano nikamkuta nyuma ya bani. Alikuwa amekaa chini, na sigara mkononi, na ameinamisha kichwa kabla hata sijafungua mdomo. Akasema, “Mama Générose, ile inanikumbusha nyumbani. Hainikamati.” Sijui neno lile alilitoa wapi, labda redioni kwa vijana, lakini nilielewa. Haikumshika.

Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha, bani limejaa, moto unawaka. Nyie mnaijua ile siku ya tano ya kukausha, jani linapogeuka kutoka njano kwenda rangi ya chungwa, harufu inashuka mpaka barabarani. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa bani na fito mkononi, na Séverin amekaa kwenye kigoda chake mbali kidogo kwa sababu moshi wa kuni alikatazwa. Nikamwona amefumba macho, ameinua pua, anavuta ile harufu taratibu, na uso wake umetulia, uso wa mtu aliyefika. Nikasema mjinga wewe Ernestine, msingi huo hapo, umeulima mwenyewe.

Générose hakutaka. Alisema jani la shambani lina mengi, huwezi kulipima, utajuaje nikotini ni kiasi gani. Alisema zipo fleva za tumbaku za dukani, za kutengenezwa, hazina hayo yote ndani. Nikamwambia baba yako amekula fleva zako za kutengenezwa miezi miwili na bado ananifichia pakiti. Mimi nina hasira za karibu, mtu akinibishia nammaliza yeye, ndiyo maana hata mtoto wangu hakunibishia sana. Laiti angenibishia.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa la mkulima. Mtu wa mjini asingelifanya. Mmea wa tumbaku una majani ya chini, mepesi, yana mchanga, bei yake ya kutupa. Una ya katikati. Una ya juu, manene, yenye mafuta yake, kali. Miaka thelathini na moja mimi nimechambua madaraja nikiomba Mungu rundo la juu liwe kubwa, maana hilo ndilo lenye bei, hilo ndilo linalowafanya wapimaji wanyamaze wanaposhika. Kwetu kali maana yake ni nzuri. Nilipokaa kwenye jamvi kuchagua jani la kulowekea mume wangu, mikono ilienda yenyewe. Nilichagua majani ya kileleni, yaliyo bora kabisa, mazuri mpaka yanang'aa, yale ambayo ungemwonyesha mgeni. Nilitaka apate daraja la kwanza. Hata wazo la jani la chini halikunijia, kama ambavyo usingempikia mgonjwa wako chuya.

Nikayaloweka kwenye glisirini, nikayachuja kwa kitambaa mara nne, nikaacha yalale. Rangi ikawa ya chai ya rangi. Nikaongeza kastadi kidogo, ya kuilainisha. Siku ya kuonja nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, asubuhi, kuku wananizunguka, nikavuta.

Nitasema ukweli. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa ni ile siku ya tano ya bani bila moshi wala jasho wala hesabu za mbolea. Ilinishuka kifuani mpaka mabegani, na kila kitu kilichokuwa kimenikaza tangu mwezi wa kwanza kikaachia. Nikavuta tena kuhakikisha. Ndipo nikampelekea.

Séverin aliacha sigara. Ndugu zangu, aliacha. Mwezi wa nne wote, wa tano wote, wa sita wote. Pakiti ya mwisho aliitoa mwenyewe mfukoni akaitia kwenye moto wa bani mbele yangu. Alianza kutembea mpaka kanisani bila kupumzika njiani. Wanawake wa jumuiya waliniuliza siri nikawa najivuna, nawaambia msingi, kila kitu ni msingi, nao hawaelewi nasema nini. Tulipouza tumbaku alinunua kitenge akaniletea. Nilikuwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka inanitia aibu.

Juisi ilikuwa inaisha haraka. Nilidhani ni yeye. Kila chupa naifungua, naonja. Kila akitaka kuvuta, ananiletea nivute kwanza. Na mara kumi na tano kwa siku ni mara kumi na tano. Halafu ilikuwepo kuonja ya jikoni, kuona kama chupa ya wiki hii iko sawa na ya wiki iliyopita. Halafu ilikuwepo ya kuhakikisha. Bernadetha aliniona Shanwe nanunua glisirini mara ya tatu mwezi mmoja, nimekitoa kidude kwenye mkoba, akanitazama. Akasema mwonja asali haonji mara moja, shoga yangu. Nikamwambia afunge mdomo wake, anauza dawa au anauza methali. Sikurudi dukani kwake wiki tatu, nikawa napanda bodaboda mpaka Misunkumilo kwa mwingine asiyenijua.

Keki ya ubatizo iliungua nikiwa nje. Jumapili moja wakati wa mahubiri nilitoka mara mbili, nikasema ni tumbo. Siku niliposahau kidude nyumbani nikiwa sokoni niligombana na mwenye nyanya, na mwenye dagaa, na kijana wa watu wa bodaboda aliyeniuliza tu mama twende. Nikadhani ni uchovu. Hivi unajua mtu anavyoweza kujificha ndani ya neno uchovu?

Mwezi wa saba mwishoni akaanguka tena. Safari hii ni uani, anamwaga maji. Hospitali, mpira wa hewa, daktari yule yule. Nikamweleza kwa fahari kwamba sigara hajagusa tangu mwezi wa nne, nikamwonyesha na chupa. Alinusa. Akauliza nimeweka nini, nikamtajia, na jani nikamtajia. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba mapafu yale hayakuwa na nafasi ya moshi wala ya mvuke, na kwamba jani la namna ile, kwa kiasi kile, lilikuwa linausukuma moyo wake kila siku kama mtu anayepanda mlima. Nikauliza kama angepona lau ningechagua la chini. Akasema, “Mama, usijiulize hivyo.” Lakini hakusema hapana.

Tukarudi Litapunga na mtungi wa gesi ya kupikia wa kuazima na amri moja: ndani ya nyumba ile hakuna moshi, hakuna mvuke, hakuna jiko la mkaa. Na Séverin, huyu aliyevuta miaka arobaini na moja, huyu niliyempiga na mwiko, aliacha. Yote. Hakuuliza hata mara moja. Alikuwa hana tena pumzi ya kutamani. Alilala upande, uso dirishani, na alinisikitikia mimi kwa kazi ya kumgeuza.

Siku ya pili au ya tatu akaniambia nilete kidude, akinuse tu, asivute. Nikasema daktari kakataza. Akasema akinuse tu, kwa mbali, mlangoni. Nikasimama mlangoni nikavuta, nikatoa mvuke nje, ili harufu kidogo imfikie. Nikavuta tena. Nilikuwa nimefumba macho. Sijui nilivuta mara ngapi. Nilipofumbua alikuwa ananitazama, na hakuwa anatazama kidude, alikuwa anatazama kifua changu, jinsi kilivyokuwa kinashuka.

“Ernestine,” aliniita. Jina hilo hakuwa amenitajia tangu Générose azaliwe. “Hiyo siyo kuonja.”

Nilitaka kumfokea. Nilikaa chini pale kizingitini. Yeye akaanza kulia, kimya, kwa sababu hata kulia kunahitaji pumzi, na akanyoosha mkono kitandani nimpe kidude. Sikumpa. Nikamwahidi nitakitupa chooni siku ile ile. Aliniamini, kwa sababu miaka yote hiyo sikuwahi kumdanganya kitu kikubwa.

Sikukitupa. Nilikihamishia bani. Kila alipolala nilikuwa naenda, narudi nimeshanawa mikono na mdomo, namumunya pipi ya mnanaa. Najua alijua. Akawa ananifuata kwa macho ninapotoka na ninaporudi.

Sauti ilipomwishia nilimpa kikombe cha bati agonge ubao wa kitanda akinihitaji. Aligonga mara chache, hakupenda kusumbua.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, jua kali. Nilikuwa bani, nimekaa juu ya marobota yaliyobaki, ndiyo kwanza nimewasha. Nikasikia kikombe. Mara mbili, kisha kimya, kisha mara moja. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu padre nimemwambia na bado haijaniondoka. Sikuzubaa, wala sikuwa nimelala, na kutoka bani mpaka kitandani ni hatua arobaini. Nilisikia, na nilijua ni yeye, na nikasema moyoni ngoja nimalizie mvuto huu. Nikavuta huo. Ulikuwa mfupi, nikavuta na mwingine.

Kikombe kilikuwa sakafuni na mkono wake unaning'inia. Alikuwa bado wa moto. Macho yalikuwa mlangoni.

Tulimzika Jumamosi. Générose alikuja, akakaa wiki, akapekua kabati la juisi akamwaga chupa zote shimoni, akilia kwamba ni yeye aliyetuma kidude cha kwanza. Nikambembeleza. Nikamwambia mwanangu, si wewe. Sikumwambia ni nani. Nimeanza kuchanganya kwa majani ya chini sasa, mepesi, ya bei ya kutupa, nikidhani nitajishusha taratibu, na msingi wake hauna ladha yoyote, ni kama kuvuta majani makavu, kwa hiyo navuta mara mbili zaidi.

Jana alinipigia kutoka Dar kuniuliza anitumie nini, basi linaondoka alfajiri. Nikamwambia glisirini, chupa mbili kubwa, mikono yangu imekauka.